Barabara imetiwa lami, gari zimepungua. Kwenu nako ni hivi?

1. Mwana wa Njia Panda

Asalaam alaykum. Nina jambo linanikera tangu mwaka jana, naomba mnisaidie kulielewa.

Kijiji chetu kipo kaskazini ya Pemba, unaiacha njia kuu ya Konde unaingia ndani kama kilomita nne. Zamani barabara yetu ilikuwa ya kifusi, mashimo matupu, masika tope mpaka magotini. Na bado tulikuwa na gari tatu za abiria, zinalala hapo hapo kijijini. Alfajiri unasikia honi, unatoka na kikapu chako, unapanda.

Sasa tumetiwa lami. Alhamdulillahi, barabara nzuri, watoto wanaendeshea baiskeli. Lakini gari imebaki moja, na hiyo moja huingia ikitaka. Ikikupita asubuhi, shuka kwa miguu mpaka njia panda uombe 602, gari ya Chake Chake na Konde, ipite na nafasi. Jioni ndo usiseme. Ikishapiga saa tisa, kilichobaki ni honda, pikipiki za kukodi.

Mama yangu ana miadi ya macho Chake kila baada ya wiki sita. Ameshapita miaka sabini, kiuno kinamsumbua, honda hapandi. Mara ya mwisho tulirudi kwa miguu kutoka njia panda, tunapumzika kila penye mwembe. Tuliondoka pale alasiri, tumefika watu wanatoka kusali Magharibi.

Sote tulikuwa tukiamini tatizo ni barabara. Barabara imekuja, gari zimeondoka. Kwa nini?

2. Karafuu Mbichi

Jibu liko wazi: bodaboda. Lami ilipofika, honda zikapata mbio. Kijana mwenye simu hangoji gari ijae, anapiga, dakika tano mtu yuko mlangoni. Wale vijana ndo waliokuwa wakiijaza gari. Gari imebakiwa na wazee na magunia.

Nenda kusini uone, Chake mpaka Mkoani ni kilomita thelathini tu na kila penye mti pana honda kumi.

3. Utingo Mstaafu

Nimening'inia mlangoni miaka kumi na nne, Chake na Konde, na njia za ndani nazijua. Karafuu Mbichi umegusa kipande tu.

Gari ina tajiri, yaani mwenyewe, na tajiri anataka hesabu yake jioni, pesa aliyoipanga kwa siku. Uwe umejaza hujajaza, hesabu ile ile. Kabla ya hesabu kuna mafuta, na kabla hujala wewe na dereva wako kuna pancha. Sasa nikiingia kwenu kilomita nne na kutoka nne, nimeokota watu watano. Katika muda huo mwenzangu ameshajaza Konde na yuko njiani. Ukifanya hivyo mara tatu kwa siku umeikosa hesabu, na kesho funguo anapewa deiwaka, dereva wa kutwa.

Ila zamani tuliingia. Mwanzisha uzi ajiulize zile gari tatu zilikuwa za nani. Nakisia zilikuwa za watu wa hapo hapo, mabodi ya mbao, zinapakia mbata, kuni, karafuu na watu juu yake. Mwenyewe analala kijijini, kwa hiyo lazima atoke asubuhi na lazima arudi. Abiria alikuwa nyongeza. Wazee wale wakafariki au wakauza. Gari za sasa ni za watu wa mjini, zinalala mjini.

4. Mwana wa Njia Panda

Ami Utingo, umeniacha mdomo wazi. Ni kweli kabisa. Moja ilikuwa ya mzee mwenye mashamba ya minazi, ya pili ya mwanawe. Ile ya tatu mwenyewe alihamia Wete. Sikuwahi kuliunganisha na hili.

5. Mpima Njia

Karafuu Mbichi, kilomita thelathini umezitoa wapi? Mradi wa kuijenga upya Chake Chake hadi Mkoani unataja kilomita 43.5. Kumi na tatu si kidogo kwa anayetembea.

6. Karafuu Mbichi

Nimekubali, 43.5. Honda kumi kila penye mti sizirudishi.

7. Maalim wa Skuli ya Ndani

Hamjagusa wanafunzi, na mimi naona ndo kiini. Mwanafunzi analipa nauli pungufu, na ni haki yake. Lakini saa moja asubuhi njia za ndani zina nani zaidi ya wanafunzi? Dereva akiona mashati meupe ishirini yamejipanga, anakanyaga mafuta. Nimesimama nao barabarani mara nyingi nikipunga mkono. Gari ikiniona niko peke yangu inasimama, ikiona watoto inapita. Siku moja nikawaficha watoto nyuma ya ukuta, gari ikasimama, wakatoka wote. Utingo alinuna mpaka Chake.

Mtoto wa sekondari anayefika darasani saa tatu keshapoteza vipindi viwili, na ameshatembea kilomita sita kwenye jua. Wasichana ndo wa mwanzo kuacha, maana mzazi anaogopa giza la asubuhi.

8. Utingo Mstaafu

Maalim, yule aliyenuna si mimi, lakini mchezo huo nimefanyiwa. Na sikatai, tulikuwa tukiwapita. Watoto ishirini wanakaa nafasi ya watu ishirini na hesabu haipungui. Linaniuma hadi leo, nina wajukuu wanaosimama barabarani vile vile.

9. Binti Mtambwe

Mnaolaumu honda nawaomba mpunguze. Mwanangu wa pili amezaliwa salama kwa sababu ya honda. Uchungu ulinishika saa nane za usiku, mvua inanyesha. Mume wangu alizunguka nyumba tatu zenye gari. Moja haina mafuta, ya pili mwenyewe hayupo, ya tatu betri imekufa. Kijana wa jirani akatoa honda, nikakaa katikati, mama mkwe nyuma amenishika. Njia nzima nasoma Ayatul Kursiy. Kule hospitali walishangaa nimekujaje.

Simwambii mtu apande honda na uchungu. Nasema usiku ule hapakuwa na kingine.

10. Mhudumu wa Shehia

Pole dada Binti Mtambwe, na hongera kwa mtoto. Mimi ni mhudumu wa afya wa jamii, tuko chini ya mpango wa Jamii ni Afya, tunaingia nyumba kwa nyumba. Ngoja niseme jambo ambalo wengi hawalijui.

Kuna mpango wa m-mama. Mama mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga akipata dharura, inapigwa simu ya bure, kituo kinapanga usafiri. Ambulensi ikiwepo karibu inakuja. Isipokuwepo anaitwa dereva wa jirani aliyesajiliwa, na analipwa na mpango wenyewe, mgonjwa halipi. Ulizeni namba kwenye kituo chenu cha afya muiandike mlangoni leo hii, msingoje saa nane za usiku.

Na sisi mimba ikishakuwa kubwa tunakaa na mama na mumewe kuulizana nani atamchukua, gari ya nani, pesa za tahadhari ziko wapi. Wanaume wengi swali hilo huwa hawajajiuliza.

11. Mwana wa Njia Panda

Dada Mhudumu, na mzee kama mama yangu je?

12. Mhudumu wa Shehia

Hapana ndugu yangu, ni kwa wajawazito, waliojifungua na wachanga tu. Miadi ya macho haimo.

13. Mtoto wa Uzi

Uzi huu unanihusu mara mbili, maana natoka kisiwa cha Uzi, Unguja kusini.

Nyinyi mnangoja gari, sisi tunangoja bahari. Njia yetu kutoka Unguja Ukuu inapita katikati ya mikoko, mawe yametandazwa chini. Maji yakijaa njia inazama, yakipwa inatoka. Mara mbili kila siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika hamsini. Kwa hiyo mtoto wa Uzi anajua mwezi kabla hajajua kusoma.

Bamvua ndo balaa. Mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hujaa saa kumi za alfajiri na saa kumi za jioni. Angalieni hizo saa. Ndo saa ya kwenda mjini na ndo saa ya kurudi. Ukichelewa kupanda gari Mwanakwerekwe kidogo tu, unafika Unguja Ukuu unakuta bahari. Unakaa kwenye jiwe na mkate wako wa watoto mpaka usiku, au unavua viatu unaingia maji ya kifua. Gari za abiria zinazokubali kupita zina chumvi mpaka kwenye viti, hazidumu. Habari ya daraja sote tunaifuata, kila mtu ana hamu.

Sasa kwa swali la mwanzo: kwetu tatizo ni njia, si tajiri wala honda. Msiseme njia si kitu.

14. Karafuu Mbichi

Kisiwa chenye jina lake kimeingia, leo uzi haukatiki.

15. Mkojani

Mtoto wa Uzi, angalau nyinyi maji yakipwa mnatembea. Kwetu kisiwani Kojani safari inaanza kwa chombo. Unavuka, unashuka na gunia lako, unaanza kutafuta gari. Mgonjwa anashushwa mara mbili, kutoka kitandani mpaka chomboni, kutoka chomboni mpaka garini. Kaskazi likivuma sana mgonjwa analowa.

Na wanaume wetu wengi wako dago, kambi za uvuvi za mbali, miezi na miezi. Wanaobaki ni wanawake, watoto na wazee. Kwa hiyo anayebeba mgonjwa ni nani? Mke wa jirani.

16. Kusini 310

Salaam kutoka Makunduchi. Huku kwetu gari zipo, 310 ya Mjini na Makunduchi haikatiki mchana kutwa. Nadhani sababu ni hoteli. Pwani ya mashariki ina wafanyakazi wanaoingia na kutoka, wageni, wauza mboga, mafundi. Abiria wapo njia zote mbili, kwenda na kurudi. Kwenu Pemba asubuhi watu wote wanakwenda Chake, jioni wote wanarudi, gari moja lazima iende tupu. Pemba watu wenyewe laki mbili tatu.

17. Mpima Njia

Kusini 310, hoja ya kurudi tupu ni nzito, naikubali. Lakini watu umetupunguza. Sensa ya 2022 imehesabu Pemba watu 543,441. Abiria wapo.

18. Kusini 310

Samahani wakubwa. Nilikuwa na hesabu za zamani kichwani.

19. Babu wa Bububu

Mimi mtu mzima, nawasoma wajukuu zangu. Jambo hili si jipya. Unguja ilikuwa na reli kutoka Mjini mpaka Bububu, Waingereza waliijenga mwaka 1905. Treni ikipita kando ya nyumba za watu. Marehemu baba yangu akisimulia kuwa watu wa mashamba ya njiani walizoea kushuka nayo mjini. Barabara zikatengenezwa, motokari zikaja, reli ikafa miaka ya 1920. Waliokuwa wakiitegemea wakaambiwa wapande gari. Wenye pesa wakapanda, wasio nazo wakarudi kwenye punda na miguu yao. Kila njia mpya ikija kuna watu inawaacha nyuma.

20. Mpima Njia

Shikamoo babu. Sahihisho dogo kwa heshima zote: reli ya Bububu iliwekwa na kampuni ya Wamarekani, serikali ikaichukua baadaye. Mengine yote umenena sawa.

21. Babu wa Bububu

Marahaba. Basi baba yangu aliona kofia tu, hakuuliza pasipoti.

22. Mwenye Keri

Nimenyamaza muda mrefu kwa sababu mimi ndo "tajiri" mnayemsema. Tajiri wa Keri moja, kigari kidogo cha abiria, niliyoinunua kwa pesa za karafuu na mkopo wa kikundi.

Sikilizeni upande wangu. Bima, leseni ya njia, ukaguzi, matairi. ZURA, wadhibiti wa maji na nishati, wakitangaza bei ya mafuta kila mwezi mimi ndo wa mwanzo kuamka. Njia kuu ilipokuwa mbovu, safari ya Chake ilinichukua muda mrefu, nikifanya mbili kwa siku nimechoka. Kuingia vijijini kulikuwa hakunipotezei kitu kikubwa, kote ni mashimo. Sasa njia kuu ni nzuri, nafanya safari nne mpaka tano. Kila dakika ninayoingia ndani naikata kwenye safari ya tano. Kwa hiyo mwanzisha uzi, lami iliyowaondolea gari si ile iliyoingia kwenu, ni ile ya njia kuu.

Simaanishi ni haki. Nawaambia namna hesabu inavyokaa.

23. Utingo Mstaafu

Hapo umenifundisha. Sikuwahi kulitazama hivyo.

24. Dereva wa Honda Konde

Na mimi niseme. Honda tunaonekana tunakula pesa. Kilomita nne kwa elfu mbili mnaona nyingi, lakini usiku narudi tupu na natoka nyumbani na baridi. Nyingi ya honda hizi si zetu, nazo zina hesabu. Wapo wenzetu wanaobeba watu watatu na kukimbia bila taa, hao siwatetei, wanatuharibia. Ila mzee nikimbeba namwendesha pole pole, na nimeshatia kiti kirefu na kishikio nyuma kwa ajili yao.

Gari ikirudi kijijini mimi sitakufa. Nitabeba wa usiku.

25. Muuza Dagaa

Wote mnazungumza watu, mzigo je? Nina ndoo mbili za dagaa na kiroba cha chumvi. Gari utingo ananikataa, ananiambia maji ya samaki yanachafua abiria. Nikikubaliwa nalipia ndoo kama watu. Honda haichukui ndoo mbili, ya pili inamwagika kwenye kona.

Unajua nafanya nini? Nimerudi kwenye gari ya ng'ombe. Saa kumi alfajiri napakia, tunakwenda taratibu mpaka njia panda, hapo naomba lori. Na lami hiyo mnayoisifu, mchana inawaka, mwenye ng'ombe hataki kurudi nayo saa saba, kwato zinaumia. Anapita pembeni kwenye mchanga, ikija gari kwa mbio ng'ombe anashtuka. Barabara ya kifusi ng'ombe alikuwa na nafasi yake, huyu wa leo hana.

Wanawake tunaobeba vitu tumesahauliwa kwenye hii mipango yote.

26. Maalim wa Skuli ya Ndani

Bi Muuza Dagaa, umenena kubwa.

27. Jirani wa Gando

Sisi tulijaribu hivi. Kundi la WhatsApp, anayetaka kusafiri kesho anaandika jina kabla ya Isha. Wakifika kumi dereva anaingia kutuchukua saa kumi na mbili na nusu. Wasipofika kumi tunaongezana nauli kidogo, tukubaliane wenyewe. Ilikwenda vizuri miezi minne. Wazee wasio na simu wanaandikiwa na watoto wa skuli.

28. Mwana wa Njia Panda

Kwa nini unasema "ilikwenda"?

29. Jirani wa Gando

Karafuu zikaiva. Dereva akapata magunia, gunia halilalamiki wala haliombi nauli pungufu. Msimu ulipokwisha akarudi, lakini watu walikuwa wameshanunua vespa kwa pesa za karafuu hizo hizo. Majina kumi hayakufika tena.

30. Karafuu Mbichi

Hapo sasa! Si honda ya kukodi tu, kila nyumba ina chombo chake. Nilisema tangu mwanzo.

31. Binti Mtambwe

Kila nyumba ya nani? Kwangu vespa ipo, anayo mume wangu, na mume wangu anatoka nayo asubuhi. Mimi na mama mkwe tuko pale pale tulipokuwa.

32. Mwenye Keri

Jirani wa Gando, mimi ningekubali mpango wa majina, ila mnihakikishie na safari ya kurudi. Kumi kwenda na wawili kurudi ni hasara yangu.

33. Mtoto wa Uzi

Na mkiweka saa maalumu, mshukuru Mungu saa zenu hazisogei dakika hamsini kila siku.

34. Mwana wa Njia Panda

Nimerudi. Jana nilikaa njia panda kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri kwa ajili ya uzi huu, nikahesabu. Wametoka watu wa kwetu thelathini na mmoja. Kumi na nne kwa honda, tisa kwa miguu, sita kwa gari ile moja, wawili kwa baiskeli. Hao tisa wa miguu saba ni wanawake. Wanafunzi sikuwahesabu, walikuwa wengi mno na wote wanatembea.

Kwa hiyo abiria wa gari moja iliyojaa wapo kila asubuhi, ila hawatoki pamoja. Bado najiuliza kama ni honda iliyowatawanya au walitawanyika kwa sababu gari haikuja. Ami Utingo na ndugu Mwenye Keri mmenipa majibu mawili tofauti na yote nayaona kweli.

Jambo la haraka: keshokutwa Jumatano mama ana miadi Chake, saa mbili awe pale. Kuna mtu wa upande huu anayeshuka na nafasi ya mbele?

35. Mwenye Keri

Mimi nalala Wingwi Jumanne. Saa kumi na mbili kasorobo nitaingia mpaka mlangoni kwenu, msitembee. Nitumie ujumbe wa faragha nijue nyumba. Mwambie bi mkubwa avae kanga ya pili, kioo cha upande wake hakipandi mpaka juu.

36. Mwana wa Njia Panda

Shukran ndugu yangu. Na kurudi?

37. Mwenye Keri

Kurudi saa nane nikijaza. Nisipojaza, saa tisa.

38. Muuza Dagaa

Mwenye Keri, kama unaingia mpaka ndani, mimi na ndoo zangu mbili tunasimama pale penye mwembe mkubwa. Nimeshazifunga na nailoni, hazivuji.